Kitako Nilichokipiga Msasa

Nina bunduki kumi na mbili ndani ya nyumba na sitaki hata moja. Nasema hivyo mapema asije mtu akadhani naelekea kujisifu. Ziko kwenye sefu ya chuma iliyokazwa ukutani kwa bolti nne, kama sheria ya hapa inavyotaka, na kila moja ina karatasi zake. Zote ni za aina moja, zile za mbao na chuma ambazo jeshi la Mwingereza liliwapa askari wake katika vita vya pili vya dunia. Mtu wa kawaida akifunguliwa sefu hiyo ataona bunduki moja mara kumi na mbili. Mke wangu ndivyo alivyoziona tangu mwanzo, na siku hizi na mimi naziona hivyohivyo.

Mimi ni fundi wa mitambo. Nimekaa Durban miaka ishirini na mitatu, mingi yake katika kiwanda cha mabomba pale Jacobs, na nyumba yetu iko Montclair, karibu na maghala ya Mobeni. Kwetu ni Kitui. Baba alifuga nyuki maisha yake yote, mizinga ya magogo iliyotundikwa mitini, na nilipoondoka nyumbani hakunipa wosia wowote. Alinipa chupa ya asali ambayo ilinyang'anywa uwanja wa ndege.

Bunduki ya kwanza niliipata kwa sababu ya skrubu. Mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la silaha Pinetown alikuja kiwandani akitafuta mtu wa kumchongea skrubu ndogo ambayo haitengenezwi tena popote. Nikamchongea. Jumamosi nikampelekea dukani, na pale ukutani nikaiona. Sikuwa nimewahi kutamani bunduki. Nilichotamani ni ile kazi: jinsi chuma kilivyoingia kwenye mti bila nafasi ya kupitisha hata karatasi, jinsi kila kitu kinavyofunguka kwa mkono na kurudi mahali pake. Wakati huo nilikuwa tayari na kibali cha kuishi cha kudumu. Nikasoma nilichotakiwa kusoma, nikafanya mtihani, askari akaja kutikisa sefu yangu kuona kama inatoka ukutani, na baada ya miezi mingi nikaruhusiwa kuichukua.

Basi nikaifikisha nyumbani na nikafanya ambacho fundi yeyote angefanya. Kwetu mafundi, kitu kikiingia karakana kwanza kinasafishwa. Kitako cha bunduki ile, kile kipande cha mti kinachoegemea bega, kilikuwa cheusi kwa jasho na mafuta ya miaka, na ubavuni kilikuwa na makovu: mikwaruzo, vishimo, mistari kama ya kisu. Nikaziba makovu kwa puti. Nikapiga msasa mkavu, nikapiga msasa laini, nikapaka vanishi mara tatu. Kufikia Jumapili jioni kiling'aa kama benchi la kanisa, na mimi nikasimama pale gereji nikijipongeza kama mjinga.

Nikaipeleka Pinetown nimwonyeshe yule mzee. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Umefanya nini?"

"Nimeisafisha."

"Eish. Hujaisafisha," akasema. "Umeifuta."

Akanieleza, kwa uvumilivu wa mtu anayejizuia kutukana, kwamba kwa wakusanyaji uchafu ule ndio mali. Bunduki ina miaka sabini, watu waliipitishia maisha yao, kila aliyeibeba ameacha kitu kwenye mti, na mimi nimefuta wote kwa siku mbili. Nilimsikiliza nikiwa nimeinamisha kichwa, lakini moyoni nilikuwa nacheka. Nilijiambia hawa watu wanaabudu uchafu.

Wiki ileile nikamtumia picha dada yangu mkubwa, ili amwonyeshe Baba. Dada ndiye aliyebaki nyumbani na wazee. Ni yule aliyekuwa akichapwa shuleni kwa kuandika kwa mkono wa kushoto, mpaka Baba, ambaye hakuwa mtu wa kugombana, alipoenda kumwambia mwalimu akome. Baba wakati huo alikuwa bado anaona kwa jicho moja. Akaitazama picha, akaomba simu.

"Hicho kitako kilikuwa na alama?"

"Kilikuwa na mikwaruzo tu, Baba. Nimeitoa."

 

"Ilikuwaje hiyo mikwaruzo?"

"Sikuiangalia."

"Haya," akasema.

Sijui niwaeleze vipi wasiomjua. Baba angeweza kukutukana na ukalala usingizi. Lakini hiyo "haya" yake ilikuwa ni mlango unafungwa, na huwezi kujua ulikuwa umesimama upande gani. Nikambana aniambie. Ndipo, nikiwa na umri wa miaka arobaini na kitu, nikasikia kwa mara ya kwanza habari ambayo alikuwa amekaa nayo tangu utotoni, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwuliza.

Kwetu kila ukoo una alama yake. Inachongwa kwenye mizinga ya nyuki, inachomwa kwenye ngozi ya ng'ombe, na zamani ilichongwa kwenye mishale, ili mnyama akianguka porini ijulikane ni wa nani. Yetu ni mistari miwili iliyosimama na wa tatu uliopinda kama pembe ya mbuzi. Babu alipochukuliwa jeshini na kupewa bunduki, alifanya alichokifanyia kila kitu cha mti alichowahi kukabidhiwa. Alitoa kisu akachonga alama ya ukoo kwenye kitako. Hakuona kosa. Kitu umepewa, unalala nacho, kikipotea kitajulikanaje? Mkubwa wake alipoiona alimkimbiza uwanjani na ile bunduki juu ya kichwa mpaka akaanguka. Alama ikabaki. Mwenzake mmoja aliyerudi kutoka Burma ndiye aliyemsimulia bibi haya, akicheka. Babu hakurudi. Hakuna kaburi tunalolijua, hakuna picha, hakuna kofia wala kifungo cha shati. Baba alikuwa mtoto wa miaka mitano. Kilichobaki cha baba yake ni mzinga mmoja mkuukuu wenye alama aliyoichonga kabla ya kwenda.

"Nilifikiri labda," Baba akasema kwenye simu. "Basi tu, nilifikiri."

Nikamwambia nitaitafuta. Yalinitoka mdomoni kabla sijayapima. Alikuwa na miaka sabini na kitu, mtu mzima, baba wa watoto sita, na sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyeambiwa asubiri mlangoni.

Wacha niseme ukweli: sikuamini kwamba ile niliyoipiga msasa ilikuwa ya babu. Sikuamini na sikuweza kukataa. Nilimwuliza mzee wa Pinetown, akaniambia bunduki za namna ile zilikuwa nyingi mno, na baada ya vita ziliuzwa na kusambazwa kila mahali, nyingine zikaishia huku kwa wakulima na vilabu vya kulenga shabaha. Akasema sitaipata. Alisema hivyo waziwazi, hakunizungusha. Halafu, kwa kuwa ni mfanyabiashara, akaniambia kuna nyingine inaingia mwezi ujao.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mkusanyaji. Miaka tisa. Kwa kila bunduki unaandika barua ya kueleza kwa nini unaitaka, na lazima maelezo yaingie akilini. Niliandika barua nzuri, najua niliziandika vizuri, kuhusu historia ya askari wa Afrika Mashariki na umuhimu wa kuhifadhi vifaa vyao. Hakuna hata moja niliyoandika kwamba Baba anataka kuweka kidole mahali baba yake alipoweka kisu.

Na sitajificha nyuma ya Baba. Hamu ilinishika mwenyewe. Simu ikilia kutoka Pinetown roho ilikuwa ikinidunda, nikimaliza zamu naendesha gari nikilaani kila robot, taa za barabarani za huku, iliyonigeuzia nyekundu. Mzee ananiletea bunduki, mimi siangalii mtutu wala namba, nageuza kitako na kupitisha kidole gumba. Nilikutana na misalaba. Nilikutana na herufi za majina, na moyo wenye mshale, na hesabu ya siku zilizokatwa tano tano kama gerezani. Zote nilinunua, zenye makovu. Nilijiambia labda chini ya kovu hili kuna jingine. Sita, saba, nane. Nilikuwa natafuta kwenye za wengine kile nilichokifuta kwenye ya kwanza, na nilijua hivyo, na nikaendelea.

Mke wangu ametoka Bukavu. Alifika Durban kwa barabara, nchi baada ya nchi, akiwa msichana, na alichokikimbia ni bunduki. Hakunigombeza kwa ile ya kwanza. Ya tano alianza kuondoka chumbani nikifungua sefu. Ya tisa alisimama mlangoni, apron bado kiunoni.

"Baba watoto, mu hii nyumba iko bunduki tisa," akasema. "Ata kwetu mu vita sikuonaka nyumba ya vile."

"Hazina risasi."

"Najua hazina. Mimi niko nakuuliza unatafuta nini."

Nikamweleza habari ya alama. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaketi, akaniambia kwa huruma ambayo ilinikera kuliko hasira, kwamba baba yake yeye pia hana kaburi, na kwamba mtu anaweza kuishi hivyo. Nikamjibu vibaya. Nilimwambia kila mtu na wake. Ni katika maneno ninayoyajutia, na orodha yangu si fupi.

Jicho la pili la Baba likafa. Halafu moyo wake ukaanza kuchoka, miguu ikawa inavimba. Kila nilipopiga simu, baada ya salamu na mvua na nyuki, alikuwa ananyamaza kidogo, na mimi najua ananyamazia nini.

"Bado, Baba."

"Haya."

Mwaka wa tisa dada akanipigia. Akasema daktari amewaambia wasipange mambo ya mbali. Akasema Baba anataka kuja Durban, amekataa kuambiwa hawezi, amekwisha kuomba ashonewe suruali ya safari. "Anafikiri umepata na unangoja umwonyeshe uso kwa uso," akasema. "Sijui nani amemwambia hivyo. Mimi sikumwambia."

Hakuna aliyemwambia. Alijiambia mwenyewe, ndivyo watu wanavyofanya wakibakiwa na muda mdogo.

Nilikuwa na ya kumi na mbili, iliyofika karibuni, kitako chake kisafi kabisa, cheusi cha asili, hakuna hata kovu. Sijui kwa nini niliinunua. Au najua. Jumamosi mchana mke wangu akiwa kazini, kwenye nyumba ya wazee anakowahudumia, niliitoa nikaifunga kwenye jiliwa gereji, nikachukua kisu cha mfukoni. Sikutumia patasi, kwa sababu askari hangekuwa na patasi. Nilichora kwanza kwa penseli. Kisha nikachonga, mistari miwili na pembe, nikikilaza kisu kidogo kuelekea kulia kama kinavyolala mkononi mwangu siku zote. Miaka thelathini nimechonga vitu vya kufanana na vingine, ndiyo kazi inayonilisha.

Kilichobaki ni kuizeesha, na hapa nilikuwa na faida: haikuhitaji kudanganya macho, vidole tu. Nikapaka chai ya rangi iliyolala, nikapaka rangi ya viatu, nikapaka mafuta ya kitani. Nikasugua kwa kitambaa, kisha kwa kiganja, kila siku kwa wiki tano, mpaka kingo zikalainika. Nilikuwa nafumba macho na kuipapasa. Mwishoni hata mimi kidole changu kiliamini. Katika watu wanaokusanya vitu vya kale hakuna aibu kubwa kuliko hiyo, mzee wa Pinetown angenifungia duka. Lakini aibu sikuisikia. Nilisikia kama mtu aliyelipa.

Baba akaja. Alikuwa mwepesi mno, nilipomshika kwapani pale uwanja wa ndege nilishtuka. Tulimpa chumba cha kijana wetu aliyekwenda chuo, mke wangu akampikia uji wa mtama, akamwita Papa, wakaelewana kwa Kiswahili ambacho kila mmoja alikiona cha mwenzake ni kibovu. Siku mbili hakuuliza. Alikuwa anakaa barazani anasikiliza malori yakipanda kilima kutoka Mobeni, na kuuliza mbona mji huu unanusa kama mafuta ya taa.

Siku ya tatu, baada ya chai ya saa nne, nikamwambia, "Baba, kuna kitu."

Akaweka kikombe chini. Alikiweka taratibu sana, akatafuta ukingo wa meza kwanza.

Nikamlazia bunduki mapajani. Nikamshika mkono wa kulia nikauweka kwenye kitako, karibu na alama, nisiiguse mimi. Kidole chake cha shahada kikaipata. Kikashuka na mstari wa kwanza, kikashuka na wa pili, kikapinda na pembe. Kisha kikarudi, kutoka chini kwenda juu. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na taulo mkononi. Hakuondoka safari hii.

"Ni mti mzuri," Baba akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Umeipata wapi?"

"Kwa yule mzee wa Pinetown."

"Umetafuta sana."

"Miaka tisa."

Akatikisa kichwa. Mkono wake ukapanda kutoka kwenye bunduki ukatafuta uso wangu, ukanishika shavu. Hakuwa amenishika shavu tangu nilipotahiriwa.

"Basi, mwanangu," akasema. "Usinunue nyingine. Umechoka."

Nililia. Nililia mbele ya mke wangu kama mtoto, na nilikuwa na furaha, Mungu anisamehe. Nilijiona nimempa mzee kitu ambacho dunia nzima ilikuwa imemnyima. Uongo wenyewe niliona mdogo, kama sukari kwenye dawa.

Siku ya mwisho kabla ya kuondoka aliniomba kitu kimoja. Alikuwa tayari amevaa suruali yake ya safari.

"Ile uliyoipiga msasa bado unayo?"

"Ninayo."

"Nipe niishike."

Nikamletea. Ilikuwa bado inang'aa, jambo ambalo kwake halikuwa na maana. Akaipapasa kitako chote, upande mmoja na upande wa pili, kwa viganja viwili, bila haraka, akirudi mahali palepale ubavuni nilipopaziba. Kwa ile yenye alama alikaa kwa muda wa kunywa nusu kikombe. Kwa hii laini, isiyo na kitu, alikaa mpaka gari la kumpeleka uwanjani likapiga honi mara mbili. Nikafikiri ni uzee. Nikamwambia, "Baba, tutachelewa," nikaitoa mikononi mwake nikairudisha kwenye sefu.

Alifariki baada ya miezi minne, kitini, redio ikiwa imewashwa. Nikaenda kuzika.

Siku tatu baada ya mazishi watu walikuwa wamepungua. Dada akapanda juu ya kigoda jikoni, akateremsha mzinga kutoka darini, gogo jeusi lililokauka mpaka likawa jepesi kama boga tupu. Nilikuwa najua upo. Nilipokuwa mdogo hatukuruhusiwa kuuchezea.

"Huu alisema ni wako," dada akasema. "Alisema ukija nikupe mkononi. Kila jioni alikuwa anakaa nao hapo, anasikiliza habari, kidole kimo kwenye alama. Tangu nimepata akili namwona hivyo."

Nikauchukua. Nikaweka kidole.

Mtu anapochonga mti kwa kisu, ukuta mmoja wa mfereji unasimama na mwingine unalala, kulingana na kisu kinavyoinama mkononi. Jambo hilo nalijua kama ninavyojua jina langu, nimewafundisha vijana wa kiwandani. Kwenye alama yangu, ukuta uliolala ulikuwa upande wa kulia. Kwenye mzinga ulikuwa upande wa kushoto. Mistari yote miwili, na pembe pia. Nilishuka nao, nikapanda nao, kama alivyofanya yeye pale kwangu. Huhitaji macho. Mtoto angejua.

"Babu alikuwa wa mkono wa kushoto?" nikauliza.

Dada akanishangaa. Alikuwa anamenya viazi, kisu kimo katika mkono wake wa kushoto.

"Kwani hukujua? Unafikiri kwa nini Baba alikwenda kupigana na mwalimu?"

Nikaketi pale jikoni na gogo mapajani. Nilijaribu kukumbuka. Nilijaribu kama mtu anayejaribu kuinua gari kwa mikono, kukumbuka yale makovu kwenye bunduki ya kwanza, mistari ile kama ya kisu, ilikuwa mingapi, ililala upande gani. Ningependa kuandika kwamba ilinijia. Haikunijia. Nilichokikumbuka ni harufu ya vanishi na redio ya jirani ikitangaza mpira. Nilikuwa nimeikodolea macho siku mbili nzima, kwa karibu kiasi hicho, na sikuwa nimeiangalia.

Na Baba alijua. Tangu kidole chake kilipoteremka na mstari wa kwanza alijua kwamba mwanawe amemchongea. Akanishika shavu, akaniambia nimechoka. Halafu akaomba ile laini, akaitafuta yeye mwenyewe, chini ya vanishi yangu, na mimi nikamwambia tutachelewa.

Nimerudi Durban, nafanya kazi, nakula. Mara moja kwa miezi kadhaa nafungua sefu nazipaka mafuta zisishike kutu, kwa kuwa sheria inanitaka niwajibike na kwa kuwa chuma hakina kosa. Ile niliyoichonga naipaka bila kugusa kitako. Mke wangu aliniuliza mara moja kama nitaziuza. Nikamwambia kuuza nako kunataka hamu. Hakurudia. Mzinga uko barazani, pale alipokuwa anakaa Papa wake, na nimemwona akiufuta vumbi.

Majuzi, saa ya chakula cha mchana, simu ikalia kiwandani. Ilikuwa Pinetown. Mzee hakuwa amenipigia muda mrefu, akaniuliza hali, akanipa pole ya Baba kwa mara nyingine. Kisha akasema ana moja imeingia, kutoka kwa familia ya mkulima, haijaguswa na mtu, na ubavuni mwa kitako kuna kitu kimechongwa kwa kisu.

"Usiniambie kinafananaje," nikamwambia.

"Sijakuambia."

Miaka tisa niliingoja sentensi ile. Na jambo la kuchekesha, kama kuna wa kucheka, ni kwamba leo ndiyo ningeweza kuijua ile ya babu. Kabla ya hapo ningeishika na kuiacha, au kushika ya mtu mwingine nikashangilia. Leo kidole changu kinajua ukuta unalala upande gani. Nilisikilizia ndani yangu kama kuna chochote kinachoinuka, ile roho kudunda, ile njaa. Hakukuwa na kitu. Nilikuwa nimesimama na sandwichi mkononi karibu na mashine ya kukereza.

"Muuzie mwingine," nikasema.

Akasema yupo mwingine, tatizo ni mgeni wa mambo haya, kijana mmoja mchangamfu, tayari amemwuliza ni vanishi gani inafaa.

"Una uhakika?" mzee akaniuliza. "Huyu ataipiga msasa."

Nikamwambia amwache aipige.